Hakuna Kaka, Kuna Jogoo

Mdogo wangu wa kike alipotoa riwaya yake, duka moja la vitabu la Mji Mkongwe liliipanga dirishani, na mimi kila asubuhi nikienda kwenye cherehani yangu sina njia ila hiyo. Nilipita nikitazama upande wa pili mpaka shingo ikaanza kupinda. Wanaosema wivu ni maradhi ya wanawake ni waongo. Mimi nilikonda kwa wivu hata suruali zangu nikazipunguza kiuno mara mbili, kwa mkono wangu mwenyewe.

Riwaya inahusu nyumba yetu ya Mpendae. Ua ni wetu, mfenesi ni wetu, mama ni mama. Nilikisoma kitabu mara tatu nikijitafuta. Mna mama, mna mabinti watatu, mna jogoo anayekula mkekani pamoja na watu na kuwika saa sita mchana. Kaka hakuna. Na sisi tulizaliwa wawili tu, mimi na yeye. Mabinti watatu kawatoa wapi? Na jogoo wa nini?

Basi mama akataka asomewe, maana mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili. Mwenye kitabu, mdogo wangu, anasomesha Nungwi, nyumbani huja Ijumaa. Nikajitokeza mimi, kifua mbele. Skuli ya mchana ilinitupa nje kidato cha pili, nyumbani wote walijua nimeanguka mtihani, lakini nilikuja kumaliza kwa masomo ya usiku nikiwa na watoto wawili na upara, na Kiswahili nikawapita darasa zima, pengine kisiwa kizima.

Kila alasiri tulikaa barazani. Mimi nasoma, mama anasuka ukili, ule mshipi mrefu wa kushonea mkeka. Vidole vyake havihitaji macho. Jumatatu tukafika pale msichana anapokwenda kufanya mtihani siku ya mvua ya masika, mtaa mzima umejaa maji. Kitabu kinasema, "Akavuka." Akavuka, kama Nabii Musa. Aliyemvusha ni mimi, yeye mgongoni kwangu, viatu vyake nimeviuma kwa meno.

"'Na kaka yake akambeba,'" nikasoma, na pale hapakuandikwa kitu. "'Maji yakamfika kiunoni.'"

"Kumbe umo," mama akasema.

"Nimo, mama. Tena si kidogo."

Tangu hapo akawa anautaka ukurasa ule kila siku, na kila siku maji yalipanda. Jumanne kifuani. Jumatano shingoni. Alkhamisi nikatia papa. Mama anacheka, anasuka.

Ijumaa mdogo wangu akaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapa unisomee pale kaka yako anapokubeba. Nnataka kupasikia kwa sauti ya mwenyewe."

Akafungua kitabu. Akageuza ukurasa mbele, akarudi nyuma, akanitazama. Mimi nilikuwa nakagua kucha. Angesema tu, "Hapa hamna kitu, mama," basi mama asingeniamini tena hata nikimwambia jua limechomoza, nami ningekuwa nimefukuzwa kwenye kitabu mara ya pili.

"'Kaka yake akambeba,'" akasoma, macho kwenye karatasi. "'Maji yalimfika magotini. Viatu vyangu vilikuwa mdomoni mwake, hakuweza kusema, basi nikasema mimi njia nzima, kwa woga. Akanitua mlangoni. Akabaki nje ya dirisha, mvua inamnyea, mpaka nilipomaliza. Na siku ile naye alikuwa na mtihani wake.'"

Hilo la mwisho sikulitia mimi. Sikujua hata kama analijua.

Mama akaunyoosha ukili, akaupima kwa mkono. "Kaka yako akisoma hapa hupata pima nzima. Kwako wewe hata shubiri haikutimia. Na maji yamepungua."

"Maji hujaa na kupwa, mama," akajibu mdogo wangu.

"Na yule papa?"

"Karudi baharini."

Nikaitazama mikono ya mama. Siku nne nilimwaga maji mpaka ya shingo, na vidole vile havikusimama hata mara moja. Kwa haya ya magotini vilikuwa vimesimama, na bado vimesimama. Wivu ukanipanda upya, safari hii juu ya hadithi yangu mwenyewe.

Mama akanigeuzia uso, upande ambao sauti yangu hutoka kila siku.

"Baba."

"Naam, mama."

"Mtihani gani huo?"

Mdogo wangu akafunga kitabu.

"Mdogo tu, mama," nikasema. "Wa magotini."