Kaseti ya Mama Ilikuwa na Tarehe ya Mwisho

Kwa miaka thelathini na miwili nilikuwa mtunza kanda. Watu wa hapa Bondeni, mtaani kwetu Kyela, nikiwaambia hivyo wanadhani nilikuwa napiga muziki kwenye harusi. Wapi! Nilikuwa Dar es Salaam, kwenye shirika moja lenye kompyuta kubwa ya kujaza chumba, na kumbukumbu zake zilitunzwa kwenye kanda. Kila kanda ilikuwa na namba yake, rafu yake na siku yake ya kuhama. Kila asubuhi kompyuta ilitoa orodha: hizi zipelekwe ghala la nje, upande wa pili wa mji, hizi zirudi, na hizi zimefika tarehe ya mwisho, zifutwe na kutumika upya. Kazi yangu ilikuwa kusukuma kitoroli. Lakini ungeniona ninavyokisukuma ungesema nimebeba nchi nzima.

Sikupoteza kanda hata moja. Hilo nimelisema kanisani, nimelisema misibani, na siku moja nilimwambia daktari wa meno akiwa ameshaniingiza koleo mdomoni.

Mwaka 1996, nikiwa likizo, nilimrekodi mama kwenye kaseti. Mwaka uliofuata alifariki. Kwa kuwa mimi ni mtaalamu, nilitoa nakala mbili: moja ya nyumbani, nyingine ya ghala la nje. Ghala lenyewe lilikuwa Ikombe, kwa shemeji yangu Maria, mjane wa kaka yangu, anayefinyanga vyungu. Daftari langu linasema: "Ikombe, kwa Maria, chungu cha nne, uvunguni mwa kitanda. Isiguswe."

Mwaka huu dada yangu mkubwa, Tusajigwe, alirudi kutoka hospitali Mbeya na habari mbaya. Masikio yake yanakufa, na huenda Krismasi isimkute akisikia.

"Anyosisye," akaniambia, "nataka kumsikia mama kabla sijaziba kabisa. Wewe si ndiye mtunzaji?"

Nikaitoa nakala ya nyumbani kwa mbwembwe zote. Tukawasha redio kaseti. Ikaimba kwaya ya hapa mtaani, tena ikiwa mazoezini.

Nilijua mara moja nilichofanya, na nilitamani sakafu inimeze. Kaseti zangu zote nilizipa tarehe za mwisho, kama kazini. Ya mama niliipa miaka ishirini, nikidhani hapo ni milele. Mwaka 2016, nikiwa nimestaafu na sina cha kusukuma, tarehe ikafika. Nami, mtumishi mwaminifu wa orodha, nikamfuta mama yangu.

Kesho yake nilikuwa Matema, kando ya ziwa, nikakodi mtumbwi hadi Ikombe. Maria nilimkuta uani na udongo hadi kwenye viwiko. Salamu nikazikata nusu.

"Shemeji, chungu cha nne kiko wapi?"

"Kipi? Vyungu vya wakati ule niliviuza sokoni Matema zamani sana."

Nikakaa chini palepale, kwenye majivu ya kuchomea vyungu. Maria aliniangalia kwa huruma, akacheka.

"Kaseti unayoitaka iko redioni. Si naisikiliza?"

"Unaisikiliza? Nilisema isiguswe!"

"Nikikosa mtu wa kunigombeza ninapofinyanga, namweka mama mkwe. Wanawake wote hapa wanamjua. Ila pale mwanzo tunaparuka, maana ni wewe tu unaongea."

Nilirudi Kyela na kaseti kifuani, chini ya shati. Tusajigwe akaegemeza sikio kwenye spika. Maria alisema kweli. Robo saa nzima ni mimi: namba ya kaseti, tarehe, nakala ya kwanza, nakala ya pili, mama kaa sawa, mama usikohoe. Niliisikia sauti yangu nikataka kuipiga kofi. Kisha mama akaja kwa Kinyakyusa, akikwaruza lakini ni yeye kabisa, akiwa amekasirika:

"Anyosisye, zima hilo dude! Dada yako yuko mlangoni na mkungu wa ndizi kichwani. Nenda ukamtue!"

Nami nikasikika nikijibu: "Subiri mama, kaseti bado inakwenda."

Kilichofuata ni kishindo cha mkungu kutua chini. Kaseti ikafika mwisho.

Dada hakuinua kichwa. Nikamuuliza, karibu kwa kupiga kelele, kama siku ile nilimtua.

"Hukunitua," akasema. "Nilijitua mwenyewe, shingo ikaniuma wiki nzima."

Miaka thelathini na miwili nilijua kila kitu kiko wapi, na dada yangu alikuwa mlangoni.

"Nisamehe, dada," nikasema. Sidhani kama alinisikia. Alikuwa ameshalirudisha sikio kwenye spika, na mkono wake unapapasa vitufe.

"Irudishe nyuma," akasema. "Pale anaponitetea."

Nikairudisha. Tuliirudisha mpaka betri zikaisha, nami nikakimbia dukani kununua nyingine.