Ndoo ya Maji Nyuma ya Fića

Kitu cha kwanza ambacho mgeni angekigundua kwa Stamena Pantić ni kwamba hakulitazama lile gari. Lilikuwa mbele yake kutwa, bandani, mlango ukiwa wazi, naye alilipita na ndoo ya kuku mkononi kama mtu anavyompita jirani aliyegombana naye. Akifika usawa wa taa za mbele, alisonya. Haukuwa msonyo wa hasira, kwa kuwa hasira ilimwisha zamani. Ulikuwa wa dharau tupu, mfupi na mkavu, na watu wa mtaa huo wa mji mdogo wa Požega walisema wangeweza kurekebishia saa zao.

Gari lenyewe lilikuwa Fića la mwaka 1982, rangi ya siagi, injini nyuma, dogo kiasi kwamba kabati la nguo la Stamena lingelimeza na nafasi ikabaki. Mumewe, Vukosav, mwalimu mstaafu wa uchoraji wa mashine, alilinunua mwaka mmoja kabla ya kumwoa Stamena, na kwa maoni ya Stamena mpangilio huo haukubadilika tena. Walipokwenda baharini mara ya kwanza, injini ilichemka kwenye miinuko ya Zlatibor. Vukosav alishika usukani. Stamena, mwenye mimba ya miezi saba, alishuka akasukuma.

"Tulipofika juu akasema, 'Hongera, umepanda vizuri!'" alimsimulia jirani yake Miladinka kila walipokunywa kahawa. "Mimi mjinga nikadhani ananisifu mimi, kumbe analisifu gari."

Sasa Vukosav na mkewe walikuwa wanahamia Australia, na Fića lilikuwa linahama nao. Binti yao wa pekee, Nevena, aliishi Perth, na mwaka uliopita alijifungua mtoto wa kike, Tara. Stamena alikuwa hajapata kumshika mjukuu huyo. Alimjua kwenye simu tu, uso na vidole vinavyokuja kugusa kioo. Visa zilikuwa tayari na masanduku yalifungwa tangu Krismasi. Kilichobaki ni gari, maana Vukosav alikwisha kutoa tamko mezani, amesimama, mkono kifuani.

"Fića anatangulia. Wakimpokea, tunapanda ndege. Wakimrudisha, na mimi sitoki hapa."

"Mwanamume mzima na mvi zako," Stamena alimwambia, "unasindikiza kopo la siagi?"

"Punguza sauti. Anasikia."

Wakaguzi wa bandari wa Australia walikuwa wameandika waziwazi. Gari lisiwe na udongo, mbegu, mdudu wala unyoya, na kila kipande chenye asbesto kiondolewe. Majira yote ya baridi Vukosav alibadilisha gasketi na pedi za breki. Kisha akaanza kuosha. Mtu ambaye kwa miaka arobaini na moja hakuwahi kusuuza kikombe chake cha kahawa sasa alilala chali chini ya gari na mswaki. Vijiwe vya kwenye tairi alivichokoa kimoja kimoja kwa sindano ya kufumia, na sindano ilikuwa ya Stamena. Mwezi wa pili, siku ambayo lori lilikuwa linakuja kulichukua gari, aliona punje moja ya ngano chini ya kiti cha nyuma. Akalirudisha lori. Meli ikaondoka bila Fića, na nyingine ilikuwa baada ya wiki sita.

Katika wiki hizo sita Tara alijifunza kutembea. Stamena alimwona kwenye simu jikoni, akakimbilia dirishani. Nje, Vukosav alikuwa anapuliza vumbi ndani ya tundu la ufunguo.

"Mtoto ametembea!"

"Hatua ngapi?"

"Nne!"

"Safi sana. Hebu niletee tochi."

Lori lilirudi mwishoni mwa mwezi wa tatu, baada ya mvua ya siku tatu. Ua wote ulikuwa tope. Dereva alisimama nje ya lango akagoma kuingia, kwani hakutaka kukwama. Vukosav alitandaza mbao kutoka bandani mpaka katikati ya ua, zikaisha. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amebeba begani zulia jekundu la sufu, lililofumwa na mama yake Stamena kwa ajili ya harusi yao, zulia ambalo mtu hakuwahi kulikanyaga na viatu.

"Wewe Vukosav! Hilo ni zulia la mama yangu!"

"Marehemu alimpenda sana Fića."

"Marehemu alitapika ndani ya Fića!"

Mtaa mzima ulikuwa umetoka. Miladinka alisimama penye uzio na chupa ya rakija, pombe kali ya plamu, anawamiminia wote. "Shoga," aliita, "hata askofu alipokuja hakutandikiwa hivi!"

Fića lilipita juu ya zulia polepole, linakohoa, Vukosav usukanini machozi yanamtiririka kama mama wa bwana harusi. Stamena alisimama nyuma, ameweka chini ndoo ya maji ya kuku, punje za mahindi zikielea ndani, mikono kiunoni. Alifikiri kwamba hajawahi kuona upuuzi uliopangwa vizuri kiasi hicho. Ndipo magurudumu ya mbele yalipogusa ubao wa kupandia lori, na mikono yake ikafanya ilichozoea. Kaka yake alipokwenda jeshini, Nevena alipokwenda Australia, yeyote aliyetoka kwenye lango lile alimwagiwa maji nyuma yake ili safari yake itiririke. Stamena aliinua ndoo akamwaga maji kwa nguvu.

Maji yalitua pembeni ya zulia. Tope likaruka, likaingia chini ya madigadi ya nyuma, likanata huko pamoja na punje za mahindi ya kuku.

Miladinka aliona. "Mungu wangu! Stamena, ume..."

"Nyamaza!" Stamena alinong'ona. "Ukisema, atalishusha. Ataanza upya na mswaki. Mtoto ataanza shule sijamwona!"

Dereva alikwisha kukaza mikanda, anatukana kwamba atachelewa bandarini Rijeka. Vukosav alishuka anapangusa macho. Akaona ndoo tupu mkononi mwa mkewe, na ardhi iliyolowa.

"Umemwagia maji?" aliuliza. "Fića wangu... umemwagia maji ya safari?"

Akamkumbatia mbele ya mtaa mzima. Stamena alisimama ndani ya mikono hiyo na ndoo yake, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alilitazama lile gari. Aliyakodolea macho madigadi ya nyuma mpaka lori likakata kona.

Wiki saba Fića lilikuwa baharini. Kila Jumapili Stamena aliwasha mshumaa kanisani.

"Unaliombea gari, wewe?" Miladinka alimcheka.

"Naliombea tope. Likauke, lidondoke lenyewe."

Kwa mumewe hakusema neno. Usiku na mchana alimsikia akiwaeleza watu jinsi alivyosafisha, na alimdharau kama zamani, ila sasa alitoka nje kabla hajamaliza kusimulia.

Alhamisi moja ya mwezi wa tano ikafika. Kontena lingefunguliwa saa saba mchana wa kule, saa moja asubuhi ya Požega, na Nevena angepiga simu mara tu mkaguzi akimaliza. Vukosav alikuwa amevaa shati jeupe na tai tangu alfajiri. Simu ilisimamishwa mezani, imeegemea bakuli la sukari.

"Hawatapata hata chembe," alisema. "Nimemsafisha kwa mikono hii."

Stamena alitaka kusonya, lakini mdomo ulikuwa mkavu.

"Mbona umekuwa mweupe hivyo? Unamwogopea?"

"Nililiogopee kopo lile? Kunywa kahawa yako."

Akavua aproni, akazipanga nywele kwa kiganja, maana Tara huenda akawa mikononi mwa mama yake. Kisha akaivuta simu upande wake wa meza, ili habari ya tope imfikie yeye kwanza. Saa ya ukutani ilionyesha saa moja kasoro dakika mbili.