Mama Tinti Aweka Wembe Chini

Wateja walimwita Mama Tinti, na jina hilo lilimganda kama karatasi nyeusi alizobandika kwenye vioo vya magari. Kibanda chake cha mabati kilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta: benchi moja, ndoo ya maji ya sabuni, mpira wa kukamulia maji, na mashine ya kupuliza upepo wa moto. Kazi hiyo aliachiwa na marehemu mumewe, na aliimudu barabara. Kitu kimoja tu hakukizoea, harufu ya gundi. Anawe asinawe, akipeleka tonge mdomoni aliisikia.

Redio ikatangaza sheria mpya. Vioo vya mbele vibaki vyeupe, sura ya dereva ionekane. Vya nyuma visizidi kivuli chepesi. Watu walikuwa wanatekwa mchana kweupe kwa magari ambayo hakuna aliyejua nani yumo. Wenye maradhi ya ngozi au macho, kwa cheti cha daktari, waliruhusiwa kubaki na kivuli chao.

"Hiyo sheria ni nzuri," alisema Mama Tinti, ingawa ilikuja kumpokonya tonge. Alishawaona wateja wanaotaka giza la kaburi, wanaokaa benchini wakitazama saa na wasiopenda kuulizwa jambo. Hao walimtia kinyaa zaidi ya gundi.

Wateja wakapukutika. Ndipo shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, akaja na habari. Alikuwa sajini wa trafiki, mtu wa tumbo na vicheko, mwenye tabia ya kula huku akiongea na kunyonya vidole kimoja baada ya kingine.

"Shemeji, njaa ya nini?" alisema. "Wewe ulibandika, wewe utabandua. Tunaweka kizuizi barabara kuu. Gari likikamatwa, dereva anakulipa pale pale."

"Mtakamata wote?"

"Sheria ni msumeno, shemeji. Unakata mbele na nyuma."

Mama Tinti akachukua wembe wake na ndoo, akaenda.

Jua lilikuwa kali. Alilowesha kioo, akainua ncha ya karatasi kwa wembe, akavuta taratibu isije ikachanika. Gundi ilibaki kwenye kioo kama kamasi, naye akaikwangua. Madereva walimtukana yeye, si sajini. Mmoja alimtemea mate karibu na miguu. Alivumilia; hakutaka sifa, alitaka kazi imalizike vizuri.

Mara likaja gari kubwa jeusi, vioo vyote vyeusi, hata cha mbele kina giza hadi katikati. Halikupunguza mwendo. Sajini alikimbia kuondoa kizuizi, akabana visigino, akapiga saluti.

"Hilo nalo?" aliuliza Mama Tinti.

"Hilo si gari, ni ofisi."

"Ofisi ya nani?"

"Shemeji, macho yako ni ya vioo, si ya watu."

Lakini gari lile alilijua. Mwenye gari alikuwa mfanyabiashara wa mbao, si kiongozi, si mgonjwa; mtu tu mwenye marafiki. Askari wengine walicheka.

Halafu likaja gari dogo jeupe la mwoka mikate, linanukia mkate wa moto. Kivuli chepesi kilikuwa kwenye vioo vya nyuma na kwenye kioo cha abiria mbele. Mama Tinti aliitambua karatasi yake. Pembeni ya dereva alikaa binti yake mwenye ualbino, sare ya shule, kofia pana, mikono kaificha chini ya mkoba.

Mwoka mikate alishuka na cheti cha daktari mkononi. "Afande, huyu mtoto jua linamchoma. Sheria inaruhusu."

Sajini hakukitazama. Alikuwa ametoka kumeza andazi alilochukua kwenye gari lililotangulia, na mafuta yaling'aa kidevuni. "Vyeti vinanunuliwa. Kioo cha mbele ni kioo cha mbele. Ng'oa, shemeji."

Na Mama Tinti, Mungu amsamehe, alilowesha kioo. Mkono ulifanya ulichozoea kufanya. Ncha ilipoinuka na mwanga kuingia, binti alisogea upande wa usukani, kama mtu aliyeshazoea kusogea. Shingoni alikuwa na malengelenge yaliyoanza kukauka. Akamwangalia mwanamke mwenye wembe, si kwa hasira. Alikuwa anangoja tu imalizike.

Wembe ukasimama.

"Siwezi," alisema Mama Tinti.

"Huwezi nini?"

"Kumchuna mtoto ngozi."

"Nani kasema ngozi? Nimesema karatasi!"

"Wewe umempigia saluti mwenye mbao, sasa unanituma kwa mtoto. Umenikinaisha, shemeji." Akauweka wembe chini, juu ya lami.

Askari waliinamisha vichwa. Sajini aliuokota, akaing'oa karatasi mwenyewe kwa pupa, akaacha mikwaruzo na vipande vinavyoning'inia kama ngozi ya nyoka. Alipomaliza, gundi ilikuwa imemjaa vidoleni, akaifuta kwenye suruali ya serikali.

Mama Tinti alivua mtandio wake, akauchovya kwenye ndoo, akaubana juu ya kioo kwa ndani. Kisha akapanda nyuma kati ya makreti ya mikate, na mwoka mikate akawasha gari. Kibandani walibandika karatasi nyingine, ya kivuli kile kile. Binti alisimama ndani ya kibanda, akauliza, "Na wakitusimamisha tena?"

"Wakisimamisha, baba yako aombe kuonana na mkuu wao," alisema Mama Tinti. "Na mimi niitwe. Nitakwenda."

Walikwenda kweli, wiki ile ile. Mkuu wa trafiki alikisoma cheti, akakuna kichwa, akasema askari wake ataonywa. Habari za gari jeusi hakuzigusa. Mama Tinti alipozitaja, mkuu alianza kupanga kalamu mezani.

Dada yake mkubwa alimjia juu. "Umemwaibisha mume wangu mbele ya watu! Huyo ndiye anayetulisha!"

"Basi kuleni, dada. Mimi kile chakula hakinipiti."

Hawakusemezana miezi mingi. Kizuizi kiliendelea, na aliyepata kazi ya kubandua alikuwa mtu mwingine asiyejali. Sajini hakupandishwa cheo wala kushushwa. Alizidi kunenepa tu. Siku moja yeye mwenyewe alilileta lile gari jeusi la mwenye mbao kibandani, karatasi imeanza kuvimba, akacheka kama vile hakuna lililotokea.

"Shemeji, mtu mkubwa anataka giza zaidi. Jitahidi tusameheane."

Mama Tinti alimtazama kidevu, akamtazama vidole, akaingia ndani na kufunga mlango wa mabati. Sajini alibisha kwa muda. Ndani, mwanamke alikaa benchini, akachukua sabuni ya mche, akaanza kusugua mikono.