Chemchemi Isiyo na Mashine

Jambo hili ni aibu yangu na sijawahi kulisimulia kwa hiari, ila nyinyi ndugu zangu mmelichekea vya kutosha nyuma ya mgongo wangu, nami siwezi kuvumilia habari isiyo na shahidi. Basi shahidi ni mimi mwenyewe.

Nilifundisha historia hadi nikastaafu, na katika bustani yangu hapa mtaani Mountain View nilijenga chemchemi isiyotumia mashine, kama walivyofanya Waajemi na Warumi, waliorusha maji juu kwa nguvu ya mteremko tu (yangu niliiunganisha moja kwa moja na bomba la barabarani, kwa kuwa sina mlima). Wiki ile bomba lilikuwa kavu, na Jumamosi wakwe wangekuja kumposa binti yangu Njeri, nami nilitaka wajue anatoka nyumba ya namna gani.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo jirani yangu, Mama Auma, akaniita kutoka ng'ambo ya ua. "Mwalimu, funga hiyo koki. Wanasema maji inarudi leo, na inakuja na nguvu."

"Nani anasema?"

"Si ni watu tu."

Nikamwambia kwamba watu si ushahidi, nikaiacha koki wazi, na wageni walipofika, kwa ukaidi uleule nikampa mama wa kijana aliyekuja kuposa kiti cha heshima kando ya chemchemi, ingawa mke wangu alinikanya.

Wageni walipokwisha kupakuliwa maharagwe meusi ya njahi na nyama, nikasimama kueleza bustani za Uajemi, mifereji yake, na jinsi wafalme wa India walivyoiga ufundi huo, mpaka baba wa kijana akauliza kwa upole, "Na hii yako, Mwalimu, inangoja nini?" Kabla sijajibu, chemchemi ikakohoa, ikatema upepo, kisha ikatema tope jekundu lililolala bombani wiki nzima, likamwangukia yule mama kuanzia kilemba hadi sahani, na mimi, badala ya kukimbilia koki, nikajikuta nasema (Mungu anisamehe), "Mnaona? Bila mashine."

Njeri hakupaza sauti. "Baba, hata leo?"

Posa haikuvunjika. Harusi ilifanyika katika hoteli moja Hurlingham, na aliyenena kwa niaba ya baba wa bibi harusi alikuwa mdogo wangu, mimi nikiwa hai, nimeketi palepale, kiti changu kimeipa mgongo chemchemi ya hoteli (ya mashine).

Tangu siku hiyo nimeapa: nikisikia maji yanakuja, hata msemaji awe mlevi, nafunga koki kwanza, ushahidi nitautafuta baadaye. Chemchemi nimeijaza udongo, nikapanda sukuma wiki. Imestawi sana. Njeri akija, hachumi.