Ndizi za Kanisa na Treni ya Haraka

Nyinyi wajukuu mliozaliwa mjini, Ekegusii kinawashinda, kwa hiyo nawaandikia Kiswahili. Nilisoma mpaka darasa la tatu, msitafute maneno makubwa hapa. Juzi mlikuwa mnabishana sebuleni kwangu kuhusu treni itakayotoka Kisumu na kufika Nairobi kabla chai haijapoa. Mimi treni ya haraka nilishaiona. Ilinipita.

Ilikuwa miaka ya kwanza ya Uhuru. Kwetu reli haijafika hata leo, ukitaka treni unaenda Kisumu. Kanisa letu la Sabato, huku juu ya Nyaramba, lilikuwa limeezekwa nyasi, na mvua ikinyesha mhubiri alikuwa anahama kona hii kwenda ile huku anahubiri. Akina mama tukasema tutanunua mabati. Kila mmoja akatoa mikungu ya ndizi za kupika, na mimi nikachaguliwa kuzipeleka Nairobi, maana nilijua Kiswahili kidogo na sikuogopa watu. Mke wa shemeji yangu akakubali kunisindikiza. Yeye alikuwa Mkatoliki, na mdomo wake haukuwa na mlango.

Tulikata Jumatano, tukapakia lori pale Keroka. Alhamisi, Kisumu, ndizi zikaingizwa ndani ya behewa la chuma, mlango ukafungwa kwa waya na muhuri wa madini ya risasi, usifunguliwe mpaka Nairobi. Karani akatuambia tutaamkia Nairobi Ijumaa. Basi mimi nikajua tutauza Ijumaa mchana, na jua likizama nitakuwa nimetulia na Sabato yangu. Ndizi ya kupika inauzwa ikiwa mbichi. Ikishaanza njano, hakuna anayeitaka.

Ijumaa asubuhi, tukiwa tumepita Nakuru, treni ikatolewa kwenye njia kubwa, ikawekwa kando, ikanyamaza. Njia ilikuwa moja tu. Jua likapanda. Nikashuka kumuuliza gadi, yule mwenye bendera.

"Tunangoja nini, baba?"

"Injini mpya, mama. Ya mafuta. Wakubwa wanaijaribu leo, wanataka watu wawe wanafika haraka."

"Na sisi si watu?"

"Nyinyi ni mizigo na daraja la tatu."

Nikamwomba basi afungue behewa, ndizi zipate hewa. "Waya huu ukikatwa mimi sina kazi," akasema. "Una kazi nyingine ya kunipa?"

Sikuwa nayo. Niliweka mkono kwenye chuma cha behewa nikautoa upesi, kilikuwa moto kama sufuria. Kwenye ufa wa mlango ilitoka harufu tamu. Mtu aliyekulia migombani anaijua harufu hiyo na haipendi. Nikakaa kwenye kokoto, nikaliangalia jua. Hakuna kingine nilichoweza kufanya.

Alasiri ndipo treni hiyo mpya ilipopita, upepo mtupu na madirisha. Mzungu mmoja na Mwafrika mwenye tai wakatupungia mikono. Mke wa shemeji akawapungia pia.

"Wapungie na wewe, dada, wasiseme Wakisii hawana adabu."

Hata ilipopita hatukuondoka. Gadi alisema lazima tuingoje irudi. Jua likazama tuko pale pale, nikaimba peke yangu wimbo wa kuikaribisha Sabato, abiria wakinitazama.

Nairobi tulifika Jumamosi. Behewa lilipofunguliwa, wachuuzi wanawake wakaja mbio, wakazipapasa ndizi.

"Mama, bado zinafaa kidogo. Uza sasa hivi. Kesho hizi ni uji."

"Leo siuzi. Ni Sabato."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mke wa shemeji akanivuta kando. "Siku yangu mimi ni kesho. Wewe geuka uangalie ukuta, niuze mimi. Mungu ataona mgongo wako tu."

"Ndizi ni za kanisa. Keti."

Akaketi, akaanza kulaumu kwa lugha yetu: treni, wakubwa, halafu mimi, halafu treni tena. Tulishinda hapo kutwa. Niliziona zikibadilika rangi mkungu kwa mkungu, kama mtu anayeangalia mgonjwa. Msiniulize kama nilikosea. Kuuza sikuweza, na kuzizuia zisiive sikuweza.

Jua lilipozama na Sabato kuisha, wachuuzi walikuwa wameshaondoka, na Jumapili hawakurudi. Alikuja mzee mmoja na mkokoteni, akazichukua za kulisha nguruwe wake. Alichotulipa kilitosha nauli ya kurudi, basi.

Nyumbani akina mama walikuwa wakiningoja nje ya kanisa. Niliwaeleza yote nikiwa nimesimama. Hakuna aliyenitukana, na afadhali wangenitukana. Mmoja tu aliuliza hiyo treni ya haraka itaanza lini kubeba ndizi. Nikasema sijui, na gadi niliyemuuliza hakujua. Msimu ule wote wa mvua tuliabudu tukiwa tumejifunika majani ya migomba vichwani.

Siku ile ile ya kurudi, nilipofika kwangu watoto wote walikuwa jikoni. Sikungoja hata maji ya kunawa miguu.

"Sikilizeni. Kwa boma hili, ndizi ya kuuza haikatwi baada ya Jumatatu. Jumatatu ikipita, Sabato itaikuta njiani; menyeni, pikeni, tule."