Vituo Vinne vya Mwalimu Egesha

Mwalimu huyu wa udereva alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, lakini wanafunzi walimwita Egesha, na hawakumwonea. Katika somo la saa moja alilitamka neno hilo mara nne, kila mara mahali palepale: kituo cha mafuta, maktaba, mahakama na ofisi ya mifugo. "Egesha hapa, kinyumenyume. Vuta breki ya mkono, zima injini, kagua vioo mpaka nirudi." Kisha alishuka taratibu kama mtu asiye na haraka ya dunia hii, na akishapinda kona, mbio.

Mahali pote panne palikuwa na choo kisichofungwa kwa kufuli. Huo ndio uliokuwa mtaala mzima. Tezi dume yake ilikuwa imekua kupita kiasi, mwaka wa tatu sasa, na yeye, mtu mzima mwenye wajukuu, aliona heri afe na tai shingoni kuliko kusema. Basi wanafunzi wake waliegesha gari vizuri kuliko madereva wote wa mji. Barabara kuu ndiyo hawakuijua kabisa, maana barabara kuu haina choo.

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa nesi wa wodi ya wanaume. Hospitali yake ilikuwa inatafuta nesi wa kuwatembelea wagonjwa majumbani. Gari lipo, asiye na leseni asijisumbue kuomba. Nesi aliitaka kazi hiyo kwa moyo wote. Siku ya mtihani akaanza vizuri, mpaka walipokaribia kituo cha mafuta. Mkono ukawasha indiketa wenyewe. Akaingia, akarudi kinyumenyume katikati kabisa ya mistari, akazima injini, akaanza kukagua vioo.

"Nani amekwambia usimame?" mtahini akauliza.

Nesi akawasha injini upya, lakini mtahini alikuwa ameshaandika. Akaanguka mtihani, na jioni hiyo akaenda moja kwa moja kwa mwalimu wake.

"Mtahini anasema mimi ni wa tatu mwezi huu kufanya hivyo, Mwalimu."

"Labda ni woga wa mtihani tu, mwanangu."

"Woga gani? Nina miaka tisa wodi ya wanaume. Unashuka mara nne kwa saa, unarudi na matone kwenye suruali, halafu unasema ulikuwa unapokea simu. Nimenyamaza kwa kuwa una umri wa baba yangu. Sasa nimefeli kwa ajili ya kibofu chako! Kesho saa mbili asubuhi nikukute kliniki kwetu, la sivyo namwambia mama nyumbani kwako."

Egesha akachagua kliniki. Akapimwa damu, akapigwa picha ya tumbo, akawekwa mbele ya daktari mmoja kijana.

"Hatukati tumbo, mzee. Tunapita njia ya mkojo, tunaiondoa nyama iliyozidi kwa leza."

"Njia hiyohiyo?"

"Nyingine hakuna."

Egesha akakubali. Ilibidi pia amwambie mkewe, kazi aliyoiogopa kuliko leza yenyewe. Mkewe akamtazama. "Miaka mitatu unaamka mara tano kila usiku. Ulidhani mwenzio nimekufa?"

Siku ya upasuaji alichomwa sindano ya ganzi mgongoni, akabaki macho yamemtoka huku nusu ya chini haina habari. Desturi ya kazi ikamshinda. "Umefika wapi, daktari? Usikimbilie. Nenda na gia ya kwanza."

"Mzee, tulia."

Akatulia dakika mbili. "Umekagua vioo?"

Wodini, akiwa na mpira wa mkojo na mfuko wake, alimkuta nesi anamsubiri, na hapo nesi ndiye aliyekuwa mwalimu. Kunywa maji. Usisukume ukienda haja kubwa. Usibebe kitu kizito. Mkojo ukiwa wa rangi ya waridi usipige kelele. "Na wiki za mwanzo utabanwa ghafla, pengine utavuja kidogo. Ni jeraha linapona. Usukani usiuguse mpaka daktari aseme."

Kesho yake mpira ulitolewa. Egesha akaenda msalani, akasimama, akasikia mkojo unatoka kwa kishindo alichokisahau. Alilia kwa furaha, na hilo halisimulii kwa mtu.

Nyumbani hakuambilika. Siku ya tano mkewe alimkuta uani ndani ya gari lililozimwa, anazungusha usukani na kubadilisha gia. Mama akachukua funguo, akazitia ndani ya sidiria, mahali ambapo daktari alikuwa ameshamkataza mzee kwenda kwa mwezi mzima.

Wiki ya tano daktari alimruhusu kufundisha. Mtihani wa marudio wa nesi ulikuwa umebakiza siku mbili. Egesha akampeleka barabara kuu. Waliendesha nusu saa, nesi katulia, gari limenyooka, mashamba huku na huku. Ndipo mkojo ukambana ghafla, kama alivyoonywa.

Kijasho chembamba kikamtoka. Neno lake la zamani lilikuwa tayari mdomoni. Alijua pia kwamba akilitamka, anamharibia binti wa watu kazi kwa mara ya pili.

"Simama pembeni. Hili si somo, usilijifunze. Ni mimi. Nimebanwa na mkojo."

Nesi alicheka mpaka injini ikamzimikia. Mwalimu akakimbilia vichakani bila kujifanya lolote, akarudi amekunjua uso.

"Umeona? Hukufa," nesi akamwambia.

Keshokutwa yake nesi alifaulu, na kazi akaipata.

Jumatatu iliyofuata alikuja mwanafunzi mpya, mstaafu mwenye mvi kichwa kizima, ambaye watoto wake walikuwa wamemnunulia gari. Egesha alimkalisha kwenye usukani, naye kabla ya kutaja klachi wala breki akasema, "Mzee mwenzangu, nimefanyiwa tezi dume kwa leza. Nikikwambia simama, ninakwenda kukojoa, usije ukalifanya somo."

Mstaafu aliondoa mikono kwenye usukani. Kisha akapandisha kioo cha dirisha, mtu asisikie.

"Hospitali gani hiyo, Mwalimu?"