Muuza Madaftari wa Chang'ombe na Wanawake Wake wa Riwayani

Simu ya mpwa wa mama muuza madaftari ilinikuta kwa kinyozi, nusu ya kichwa imeshanyolewa. "Shikamoo mzee," aliniambia. "Shangazi ametuacha." Nikamuuliza alikuwa wapi. "Nyumbani. Ameswali adhuhuri, akakaa kwenye kiti chake, akaomba chai. Chai ilipoletwa alikuwa ameshaondoka." Nasema bila haya, kwa nyinyi mnaonisoma kila wiki, kwamba kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa nafuu. Machozi yalikuja baadaye, nikiwa peke yangu ndani ya gari. Kwa muda mrefu kifua chake kilikuwa kinamsumbua, na kila nilipokwenda kumjulia hali alinirudia lile lile: kufa hakukumtisha, kilichomtisha ni kufia mahali asipopajua, katikati ya watu wanaomwita "mgonjwa wa kitanda cha dirishani". Hakupatwa na hilo. Alikufa kwake, akiwa amevaa miwani, anangoja chai. Wengi wetu tungeipokea safari kama hiyo kwa mikono miwili.

Jina lake silitaji. Waliomjua watamtambua kabla ya aya hii kwisha. Alizaliwa hapa hapa Dar es Salaam katika familia ya Wahindi wa madhehebu ya Shia, akaolewa, akafiwa na mume mapema, akabaki na duka la vifaa vya shule pale Chang'ombe, katikati ya magereji na karakana za kuchomelea mageti. Mbele aliuza madaftari, kalamu, rula na bahasha. Nyuma, ukutani, alikuwa na rafu ya riwaya, nyingine mpya na nyingine zimeshapita mikono mingi, za Kiswahili na za Kiingereza. Zilikuwa za aina moja tu: hadithi za zamani, za vita, za njaa, za misafara na mashamba ya walowezi, na katikati ya kila moja yuko mwanamke ambaye dunia imemwangusha naye akaamka. Ukitaka riwaya ya kipelelezi au ya mapenzi ya chuo kikuu, alikuelekeza stendi. "Huko watakupa," alisema, na kwa kweli hakuwa na dharau. Hakuziuza tu.

Nilimjua kwa sababu ya gari bovu. Nililipeleka kwa fundi jirani yake, na jua lilipozidi nikaingia dukani kutafuta kivuli. "Unangoja gari?" akaniuliza. Nikamjibu ndiyo mama, shikamoo. "Marahaba. Fundi kakwambia nusu saa?" Nikakubali. "Basi una mchana mzima. Chukua hiki, kaa pale." Kilikuwa kitabu chenye picha ya mwanamke amejitwika chungu. Nikamwambia, nusu utani, kwamba naona kama ni cha kina mama. Akanitazama juu ya miwani yake. "Kwani wewe ulilelewa na nani?" Nikakaa. Gari lilipokuwa tayari fundi aliniita mara kadhaa, sikumsikia. Ilikuwa hadithi ya mwanamke aliyepika chumvi bara, enzi za misafara ya pembe, akaitumia chumvi ile kumkomboa mdogo wake aliyekuwa amechukuliwa utumwa. Mama mwenye duka hakuwa na desturi ya kutaja vitabu kwa majina yake. Alivitaja kwa wanawake waliomo. Kile kiliitwa "yule wa chumvi". Kulikuwa na "yule wa reli", na "yule mkunga", na "yule wa katani" ambaye alinikataza kumsoma nikiwa na homa.

Alikuwa na masharti yake, na mimi ninayeishi kwa kuandika niliyasikiliza. "Siuzi kitabu cha mwanamke wa kuteswa toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho," aliniambia siku moja. "Mwandishi wa hivyo anapenda kilio, hampendi yule mwanamke." Alitaka pia kujua watu wa kitabuni wanakula nini. Mwandishi akisema ni mwaka wa njaa, halafu kurasa chache mbele watu wanakaa kwenye pilau, kitabu kilirudishwa kwa aliyekileta. Na hakumpa mtu kitabu kabla ya kumuuliza maswali mawili matatu: unaishi na nani, kazini wanakusumbua, umeshafiwa? Wengine walidhani ni umbeya. Alikuwa anatafuta saizi, kama anavyofanya muuza viatu.

Sasa niwasimulie mkasa ambao ulimbadilisha, na ambao nilikuwa shahidi wake. Katika kiwanda cha sabuni kisicho mbali na duka alifanya kazi dada mmoja kijana, mzaliwa wa kusini, Mwislamu, mpole wa sauti. Alizoea kununua madaftari ya wanawe wawili, na polepole akawa msomaji wa ile rafu. Mumewe akafa ghafla. Walikuwa wamejenga nyumba Tegeta, wakahamia kabla haijapigwa plasta, kama wafanyavyo wengi. Eda ilipokwisha, mashemeji wakaanza kuja. Kwanza walikuja kwa salamu, halafu kwa ushauri, halafu wakasema wazi kwamba nyumba ni ya ndugu yao na yeye bado kijana, ataolewa, arudi kwao. Haya yote aliyasema pale dukani, ameshika madaftari, bila kulia. Mama yule akaenda kwenye rafu akamletea "yule wa shamba".

Na mimi nilikuwa nimekisoma. Ni hadithi ya mwanamke ambaye mumewe anachukuliwa kubeba mizigo ya askari katika vita vya Mjerumani na Mwingereza, haonekani tena, na shemeji zake wanalitaka shamba. Mwishoni anasimama mlangoni mwa nyumba yake, watu wazima wanamzunguka, na haondoki. Ni ukurasa unaosimamisha nywele. "Soma huyu," mama alimwambia. "Usitoke kwenye nyumba yako." Dada akakitia kitabu kwenye mkoba, akashukuru.

Baada ya hapo hakuonekana. Kiwandani wenzake walisema hajaja kazini, simu yake haipatikani. Mama alingoja, kisha kungoja kukamshinda. Nilipopita dukani nilimkuta amekaa mlangoni, kitu ambacho hakukifanya kamwe. "Mwanangu, una gari?" Nikamwambia ninalo. "Twende Tegeta." Njiani, foleni ya barabara ya Bagamoyo ilituweka sana. Ndipo akasema, akitazama mbele, "Nimemwambia asitoke. Mtu ana watoto wawili, wanaume wanamjia nyumbani, mie namwambia asitoke. Kwa sababu gani? Kwa sababu mtu fulani kakaa na kalamu yake akaandika kwamba yule hakutoka." Nilijaribu kumtuliza. Akanikata: "Yule wa kitabuni anajua ukurasa wa mwisho uko upande wake. Huyu wetu nani kamwambia?"

Nyumba tuliikuta imefungwa kwa kufuli. Kamba ya nguo ilikuwa tupu. Jirani aliyekuwa akichambua mchele barazani kwake akatuambia kwamba ilikuja pikapu na wanaume, wakapakia vitanda na vyombo, na yule dada akapanda na watoto wake, wakaondoka. Walikuwa nani? "Mie sikuwauliza, baba. Mambo ya watu." Alikuwa analia? "Alikuwa amejifunika mtandio." Mama akakaa pale pale, juu ya tofali, na gauni lake jeupe la kazini. Uso wake nilikuwa sijawahi kuuona hivyo. Mimi nilikuwa naona shemeji, naona panga, naona watoto wamepelekwa nisikokujua. Sijui yeye alikuwa anaona nini.

Jirani, kwa huruma, akatuelekeza kwa mjumbe wa mtaa. Tulimkuta mzee mmoja anarekebisha baiskeli yake. Akatuamkia, akatukaribisha viti, akauliza sisi ni nani kwa marehemu, akatuuliza tena, kisha ndipo akatabasamu. "Huyo hajachukuliwa na mtu. Wale vijana wa pikapu ni watoto wa shangazi yake. Kaondoka mwenyewe, na kabla ya kuondoka kanileta mie na majirani wawili tushuhudie anafunga mlango na anaiacha nyumba ikiwa nzima. Yuko Kimara kwa shangazi yake. Wale mashemeji wakija, niwaambie waende mahakamani, yeye ameshatangulia." Mama alishusha pumzi ndefu mpaka mjumbe akaogopa, akaagiza maji. Alipokwisha kunywa alicheka, akafuta macho, akacheka tena. Nilicheka na mimi bila kujua tunacheka nini.

Kimara tulifika jua likianza kupungua ukali. Tulimkuta uani anaanika nguo, watoto wanafukuzana kati ya mashuka. Alipotuona alishtuka, akaja mbio kumwamkia mama, na mama akamshika mabega yote mawili kama mtu anayehakikisha kitu hakijavunjika.

"Simu yako je?"

"Nimebadilisha laini, mama. Walikuwa wananipigia kunitukana mchana kutwa. Nilisema nikitulia nitakuja dukani, sikujua kama mtanitafuta."

"Nilikwambia usitoke kwenye nyumba yako."

Dada akainamisha kichwa, kisha akakiinua. "Ulinipa kitabu nisome, mama, nami nimekisoma. Yule wa shamba si anakaa mlangoni mwishoni tu? Pale katikati, wale shemeji walipokuja mara ya kwanza, alikaa? Alikwenda kwa wajomba zake na mbegu zake zote, akapanda huko, akala, watoto wakanenepa. Akarudi akiwa na watu nyuma yake. Mie nikasema, kumbe hii nyumba siilindi kwa kukaa ndani yake." Akamtazama mama kwa wasiwasi kidogo. "Au nimekosea? Nyie mlidhani nitakaa mlangoni na mwichi wa kinu?"

Mama akamwambia hakukosea. Baadaye, ndani ya gari, aliniambia kwamba alikuwa amekisoma kitabu kile mara nyingi na kila mara aliharakia ule mlango. Lile la katikati alilipita kama mtu anayepita stendi. Hakusema kwa uchungu. Alisema kwa furaha iliyomjaa, na aliporudi dukani alimsimulia kila mteja aliyesimama muda wa kutosha kusikia.

Mambo yalikwenda taratibu, kama yaendavyo. Yule dada alipata watu wa msaada wa kisheria waliomwelekeza, akasimama mahakamani na cheti cha ndoa na majirani wake wa Tegeta, na mwisho yeye ndiye aliyeteuliwa kusimamia mirathi ya mumewe. Amerudi kwenye nyumba yake. Ameipiga plasta. Shemeji mmoja siku hizi huja kuwasalimia watoto, na hupewa chakula. Siku ya msiba wa mama, dada yule alikuja kutoa pole, mabinti zake wamekuwa wakubwa, na akaniambia kwamba kiwandani wenzake humwomba awachagulie vitabu. Nikamuuliza anawauliza nini kwanza. "Namuuliza nyumbani kuna nani," alisema.

Nimekuwa nikilifikiria neno "imara" tangu nilipotoka msibani. Tunalipenda sana neno hili tukisema habari za wanawake. Tunawasifu mama zetu kwa kubeba, kwa kunyamaza, kwa kukaa mahali ambapo sisi wenyewe tusingekaa hata siku moja, na sifa yenyewe inatufaa sisi, kwa sababu mtu aliyesifiwa kwa kubeba mzigo ni vigumu kwake kuomba upunguzwe. Riwaya mbaya za historia zinatusaidia kusifu hivyo. Zinamweka mwanamke kwenye mateso, zinamwangaza vizuri, kisha zinatuacha tufunge kitabu tumeridhika. Nzuri zinatuonyesha akili yake: anahesabu nani yuko naye, anaondoka saa ngapi, anarudi na nani. Bibi zetu hawakuvuka vita na njaa kwa kuvumilia tu. Walikuwa na mipango, walikuwa na wajomba, walikuwa na mbegu walizoficha. Mwandishi anayelijua hilo, huyo mnunulieni binti yenu, na mnunulieni mtoto wa kiume pia, maana na yeye atakuwa shemeji wa mtu.

Duka lipo na mpwa ataendelea kuuza madaftari. Kuhusu rafu sijui. Ameniambia yeye si msomaji, na nimependa ukweli wake. Sitawaachieni orodha ya vitabu, ingawa baadhi yenu mmekuwa mkiniomba. Nitawaachieni alichonifundisha mama yule baada ya safari ile, maana tangu siku hiyo hakumwambia tena mtu kitabu kinasema nini. Alikitoa, akanyamaza, na mtu aliporudi alimuuliza, "Haya, wewe umeona nini humo?" na akasikiliza jibu mpaka mwisho. Ukimpa mtu aliye taabuni kitabu kizuri, umefanya jambo la maana, lakini hujamaliza. Muulize amesoma nini. Na asipoonekana, funga duka ukamtafute.